Ndege wa Hastings: mzoga uliowadanganya wasomi

Ukipiga picha ya ndege leo ukaituma iNaturalist, utatakiwa kusema umemwona wapi na lini. Wengi wanaona ni usumbufu. Picha si ipo? Jamani, swali hilo lina historia, na historia yenyewe iko Uingereza.

Mwishoni mwa karne ya 19, mtu aliyedai kaona ndege mgeni hakuaminiwa kirahisi mpaka alete mzoga. Wenye fedha nao walikusanya ndege waliokaushwa, na ndege adimu aliyeuawa ndani ya Uingereza alikuwa na bei kubwa kuliko ndege huyo huyo aliyeuawa nje. Hapo sasa! Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyofungua mlango wa ulaghai.

Huko St Leonards, jirani na mji wa Hastings, alikuwapo fundi wa kukausha ndege, George Bristow. Kuanzia 1892 hadi 1930 ndege adimu walipita mikononi mwake mmoja baada ya mwingine. Wasomi walikagua mizoga, wakaona kweli ndege ni yule yule anayetajwa, rekodi zikaingia vitabuni. Lakini mzoga husema ni ndege gani. Hausemi ametoka wapi.

Minong'ono ilikuwapo, ila jambo lenyewe lilianikwa hadharani Agosti 1962 katika jarida la British Birds. Max Nicholson na James Ferguson-Lees walizichambua rekodi hizo. Mtaalamu wa takwimu, John Nelder, akalinganisha Hastings na maeneo mengine ya Sussex na Kent, kisha na miaka iliyofuata. Hesabu zikagoma. Ndege wanaohama hawajui mipaka ya wilaya, iweje bahati yote iangukie Hastings, tena kwa miaka ile tu? Ilidaiwa kwamba mizoga ililetwa kwa meli ikiwa kwenye barafu. Rekodi zaidi ya 500 zikatupwa, na aina na jamii ndogo 29 zikaondolewa kwenye orodha ya ndege wa Uingereza.

Bristow hakuwapo kujitetea, alikuwa amefariki 1947. Mwaka 1968 James Harrison alitoa kitabu cha kumtetea. Na cha ajabu, wengi wa ndege walioondolewa walikuja kuonekana Uingereza kweli, wakarudishwa kwenye orodha. Kwa hiyo huenda baadhi ya rekodi zilizotupwa zilikuwa za kweli. Nani atazichambua sasa? Uongo ukichanganywa na ukweli, vyote viwili hutupwa.

Picha ya leo ni kama mzoga wa jana. Inaonyesha mnyama, lakini inaweza kuwa imepigwa nchi nyingine, mwaka mwingine, ikazunguka WhatsApp mpaka ikafika kwako. Ndiyo maana eBird, iliyoanza 2002, hulinganisha ndege uliyemwandika na wale wanaotarajiwa mahali hapo na mwezi huo. Akizidi kawaida, mkaguzi wa kujitolea anaweza kukuandikia akitaka maelezo. Ni wazo lile lile la Nelder, ila sasa swali linaulizwa ungali hai, na unaweza kulijibu.

Basi ukiulizwa usinune. Bristow hakuipata nafasi hiyo.