Sebene, Metali na Kitenzi Kunguruma

Mwaka 2009 Faustin Linyekula, mcheza dansi aliyezaliwa Ubundu na kukulia Kisangani, alipandisha jukwaani onyesho lake more more more… future. Nguzo ya muziki wake ilikuwa gitaa la Flamme Kapaya, mtoto wa Kisangani ambaye wapenzi wa muziki wa ndombolo walikuwa wakimjua tangu zama zake na bendi ya Wenge Musica Maison Mère ya Werrason, katika albamu za Solola Bien (1999) na Kibuisa Mpimpa (2001). Sasa nyuzi zilezile zilikutanishwa na panki. Wapanki wa Uingereza wa miaka ya 1970 walitangaza kwamba kesho haipo. Linyekula, mtu wa nchi iliyopondwa na vita, aliidai kesho hiyo mara tatu katika jina la kazi yake. Maneno yalitungwa na Antoine Vumilia Muhindo, mshairi aliyekuwa amefungwa katika gereza la Makala, Kinshasa.

Muziki wa gitaa kali namna hii tuuiteje kwa Kiswahili? Kisangani ina haki ya kuuliza. Ni mji wa lugha mbili kubwa: Kilingala kilichopanda na mto kutoka Kinshasa, na Kiswahili kilichoingia kutoka mashariki pamoja na misafara ya biashara ya akina Tippu Tip katika karne ya 19. Mji wa namna hiyo husikia haraka neno likikwama kooni.

Neno la kwanza linalokwama ni "metali nzito". Wafasiri wengi hulichukua jina la heavy metal, muziki wa gitaa kali wa Ulaya na Marekani, wakalifasiri sehemu kwa sehemu, na kazi ikaonekana imekwisha. Lakini metali nzito tayari ni istilahi ya kemia: ni risasi, ni kadimi, ni zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu mashariki ya Kongo, kisha ikabaki mitoni na ndani ya samaki. Istilahi moja ikibebeshwa dhana mbili, huchoka. Na kuna jambo zito zaidi. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, na makombora zaidi ya 6,000 yakaangukia mji. Kwa mkazi wa Makiso au wa Tshopo, chuma kinacholia ni kumbukumbu ya kweli. Jina linalotaka kuleta chuma na kelele zake katika muziki wa mji huo lipimwe kwa heshima.

Njia bora ipo, na wanamuziki wa Kongo waliifungua zamani. Wao huzipa sehemu za muziki majina kwa kufuata kazi inayofanyika. Waimbaji wakimaliza beti na magitaa yakashika usukani, hiyo ni sebene. Gitaa linalokaa kati ya solo na lile la kusindikiza ni mi-solo. Mtu anayepaza sauti juu ya sebene, akihimiza wachezaji na kutaja watu majina, ni atalaku. Neno hili lina asili ya Kikongo na maana yake ni mwito wa kutazama: niangalie, tazama huku. Lilienea tangu mwanzo wa miaka ya 1980, Zaïko Langa Langa ilipoingiza watu wa kazi hiyo katika bendi. Chombo cha atalaku ni kayamba iliyotengenezwa kwa kopo la dawa ya wadudu. Basi chuma kipo katika muziki wa Kongo muda mrefu, ila hakuna aliyehitaji kuutaja muziki wote kwa kopo hilo.

Upande wa Tanzania wanadansi walifuata njia hiyohiyo. Sehemu ya wimbo inayoongeza kasi waliiita chemko. Vijana wa miaka ya 1990 walipoanza kughani kwa hasira juu ya midundo, watu wakasema huo ni muziki wa kufokafoka. Tazama maneno hayo yanavyoshikana: sufuria huchemka kwanza, kisha hufoka. Hakuna kamati iliyoketi kuyapanga. Wasikilizaji walitazama anachofanya mwenye sauti, wakachukua kitenzi kilichokuwa jikoni.

Kwa hiyo tumtazame naye mwenye sauti ya metali. Martin Khanja wa Nairobi, anayejulikana kama Lord Spikeheart, alikuwa sauti ya Duma, kundi la watu wawili pamoja na Sam Karugu. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msikilizaji wa Kiswahili hudhani jina hilo ni la mnyama mwenye mbio, kumbe wao walilichota katika Kikuyu, likiwa na maana ya giza. Baadaye Khanja akaendelea peke yake, na mwaka 2024 akatoa The Adept, kazi aliyoiweka wakfu kwa Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildimasha na ambaye alikuwa mmoja wa wazee wa ukoo wake.

Kusema kwamba Khanja "anaimba" ni kusema kidogo mno, na kufoka tumekwisha kuwapa wachanaji. Sauti yake ya chini, ile inayotoka kifuani ikiwa imejaa, ni ya kunguruma, kitenzi cha simba na cha radi. Sauti yake ya juu ni yowe. Neno hili tusiliogope. Katika vijiji vyetu yowe likipigwa, jirani hutoka nje. Mpigaji anadai watu waje. Sanaa inayomkumbuka mpigania uhuru inalistahili neno lenye wajibu ndani yake.

Gitaa nalo lina haki yake. Ile sauti iliyochafuliwa makusudi mimi ningeiita mkwaruzo, na Kongo ina ushahidi wake. Mawangu Mingiedi wa Kinshasa na kundi lake la Konono N°1 walipaza likembe, ala inayopigwa kwa vidole gumba, kwa vikuza sauti walivyojitengenezea, wakitumia sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo ulitokana na vifaa hivyo, wakaukubali ukawa utambulisho wao. Dunia iliwasikia kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004, Mingiedi akiwa tayari mzee.

Safari za wanamuziki hawa zina funzo kwa mpenda istilahi. Jina la aina ya muziki hubandikwa juu ya jalada, na msanii akikua hulipita. Kapaya alihama kutoka kumbi za ndombolo hadi majukwaa ya dansi ya kisasa, na sebene ikahama naye mikononi. Khanja alitoka katika kundi la wawili akawa peke yake, na bado ananguruma. Vitenzi husafiri na mtu; lebo hubaki dukani.

Pendekezo langu ni hili. Jina la aina tulikope kwa ufupi, metali, kama tulivyokopa rumba, jazi na roki. "Nzito" tuwaachie wanakemia. Ndani ya muziki wenyewe tutumie mngurumo, yowe na mkwaruzo, na sebene ibaki sebene. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kamisheni yake ya Kiswahili iko Zanzibar. Wanaosanifu istilahi za sanaa huko wawaalike mezani wapiga gitaa na maatalaku wa Kisangani, kwa sababu hao wamekuwa wakiunda istilahi zinazodumu kwa kazi ya mikono na koo zao.