Huruma Peke Yake Haitoshi

Mara nyingi tunausifu wito wa muuguzi kwa neno moja: huruma. Lakini historia ya nchi yetu inatufundisha kwamba huruma peke yake haitoshi.

Mwaka 1976, hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, ilivamiwa na homa isiyojulikana, ambayo baadaye ilipewa jina la mto Ebola. Hospitali ilikuwa na vitanda 120. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba ya sindano matano tu kwa kazi ya siku nzima. Kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, pengine yalisuuzwa tu katika maji ya vuguvugu. Walioyashika hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakiwahudumia maskini. Hata hivyo, sindano iliyokusudiwa kuponya ndiyo iliyoeneza kifo. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafariki. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa.

Mwaka 1995 homa hiyo ilizuka Kikwit. Kati ya tarehe 25 Aprili na 28 Mei, Masista sita wa Shirika la Maskini wa Bergamo walifariki baada ya kuwauguza wagonjwa na kuuguzana wao kwa wao. Sista Annelvira Ossoli, mkuu wao wa provinsi, alitoka Kinshasa kwenda kuwasaidia wenzake, naye akafa. Wauguzi Wakongo wengi walikufa vilevile. Glavu, barakoa na mavazi ya kujikinga vilipofika na kutumiwa kwa utaratibu, maambukizo kati ya wauguzi yalipungua sana. Mwaka 2021 Kanisa liliwatangaza masista hao sita kuwa Waheshimiwa.

Tunajifunza nini? Kwanza, usafi wa sindano ni jambo la dhamiri, si la ufundi tu. Anayeruka hatua kwa sababu amechoka au kwa kuwa hakuna anayemwona, amemkosea jirani yake. Pili, haki hutangulia sifa. Tukimtuma muuguzi wodini bila glavu, kisha tukamwita shujaa akiisha kufa, tumemdhulumu. Kumpatia vifaa na mshahara wake ni deni la jamii nzima.

Msamaria wa Injili hakuishia kumhurumia mtu yule aliyejeruhiwa njiani. Alimwaga mafuta na divai katika majeraha, akayafunga, kisha akamlipa mwenye nyumba ya wageni ili huduma iendelee. Huruma yake ilikuwa na maarifa, na ilikuwa na gharama.

Basi, ninyi mnaojiandaa kuingia shule za uuguzi, ombeni moyo wa masista wa Kikwit. Lakini pia someni kwa bidii, na msione aibu kudai sindano safi. Kuijali roho ya mgonjwa huku tukiuhatarisha mwili wake si upendo.