Goso Mwalimu na Mtoto Asomaye

Miongoni mwa ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870, kimo kisa kifupi cha mwalimu aitwaye Goso. Goso alikuwa akiwasomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa akapanda mtini kuiba matunda. Buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakatoka kumtafuta muuaji. Wakaushika upepo wa kusi wakaupiga. Nao ukajitetea kwamba lau ungekuwa na nguvu usingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kikamtaja panya akitoboaye, panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe. Shtaka likazidi kutembea hata likamfikia paa, ambaye hakuwa na la kujibu.

Kisa hicho nilikijua kwa masikio kabla ya kukijua kwa macho. Bibi yangu, aliyesoma chuoni na ambaye hakuzijua herufi za Kilatini, alikuwa akitusimulia baada ya sala ya isha. Nilipokuwa darasa la pili nikakikuta katika kitabu kikuukuu kisicho jalada, nikaanza kumsomea. Nilikuwa nikikokota silabi moja moja. Kila nilipokwama hakunitajia neno, bali aliniuliza: "Haya, mjukuu wangu, kamba yaogopa nini?" Nami nikilitazama tena lile neno, likafunguka.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikijifunza peke yangu kazi ya kufasiri, ndipo nilipotambua alichonifanyia bibi. Kiswahili kina irabu tano tu, na herufi zake hazimdanganyi msomaji. Mtoto akishazijua silabi aweza kulitamka karibu kila neno atakalokutana nalo. Hiyo ni neema, tena ni mtego. Kwani aweza pia kuutamka ukurasa mzima asiambulie maana hata chembe. Kisa cha Goso humwepusha na mtego huo. Kila sentensi huja na umbo la ile iliyotangulia, ikabadilika neno moja tu, na mtoto hutumia nguvu zake zote kwa neno hilo. Kwa kuwa anajua kisu hukata na moto huunguza, maana humtangulia na taa mkononi. Tena bila kuhubiriwa sarufi, huzipitia ngeli moja baada ya moja: ikakitaja, kikautaja, ukayataja.

Ajabu ni kwamba katika historia ya visiwa vyetu herufi na hadithi zilikaa muda mrefu katika nyumba mbili. Herufi zilikaa chuoni. Huko mtoto alishika ubao, akajifunza herufi za Kiarabu na irabu zake, akahitimu kwa kuisoma Kurani. Chuo kilimpa adabu, hifadhi na ulimi usioteleza. Lakini lugha aliyoisoma haikuwa aliyoota nayo usiku, na maana aliahidiwa baadaye. Hadithi nayo ilikaa kwa akina bibi, gizani, baada ya "Paukwa!" kuitikiwa "Pakawa!" Sisemi kwamba Kiswahili hakikuandikwa, ipo nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya 1728. Lakini tendi hizo zilikuwa karamu ya watu wazima. Ngano ya mtoto haikuhesabiwa kuwa jambo la kupotezea wino.

Steere alipozitia ngano hizo kitabuni, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, alikusudia hasa kuwasaidia wageni waliotaka kujifunza lugha yetu. Mwaka 1901 George Bateman alichapisha Chicago ngano za Zanzibar kwa Kiingereza, pamoja na picha, na kisa cha Goso kimo humo. Hivyo mtoto wa Marekani aliweza kulala na Goso kifuani, wakati mtoto wa Ng'ambo na wa Wete alikuwa bado anamsubiri mtu wa kumsimulia.

Serikali ilipoanza kusimamisha elimu yake Unguja kuanzia mwaka 1907, wazazi wengi walisita kuwatoa watoto chuoni, na haikuwa ukaidi mtupu. Waliogopa kubadilishana walichokijua kwa wasichokijua. Baadaye Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Vitabu vya hadithi vikaja kwa njia ya tafsiri: Alfu Lela Ulela, Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa Chenye Hazina. Mimi ni mfasiri na nawavulia kofia waliozitenda kazi hizo. Hata hivyo ni vitabu vya mtu ambaye tayari anajua kusoma. Yule mdogo, aliyehitaji sentensi fupi na mnyama anayemfahamu, aliachwa na ba, be, bi, bo, bu.

Pengo hilo halijazibwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991, umewasaidia waandishi, wachoraji na wachapishaji kuwaandikia watoto kwa Kiswahili, na hiyo ni jitihada ya kushukuriwa. Lakini tathmini ya Uwezo ilipoanza Tanzania Bara mwaka 2010 na kuwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Sisi wa visiwani tusijifariji kwa kuwa bahari imo katikati. Mtoto aliyefundishwa silabi bila kisa hana sababu ya kurudi kitabuni kengele ikishalia.

Wapenzi wa ushairi huniuliza kwa nini vijana hawasomi tenzi. Mimi huwauliza nani aliwasomea ngano walipokuwa na miaka sita. Msikilizaji wa ushairi hungoja kina kabla hakijafika. Ngojo hiyo ndiyo niliyofundishwa na bibi juu ya mkeka, kwa kamba na kisu. Aliyekosa kuingoja akiwa mdogo, ukubwani huisikia beti kama orodha ya maneno.

Basi usiku huu, mwenye mtoto na amkalishe karibu, afungue kitabu chenye kisa, asome polepole huku kidole kikiifuata mistari. Akifika mahali kisu kinapojitetea, na anyamaze. Amwachie mtoto aseme ni nani anayefuata, kisha amwonyeshe neno lenyewe lilipoandikwa.