Nimeagizwa Nikujibu: Historia ya Barua za Wananchi kwa Wakubwa

Barua inayotoka Kibeta, kata ya Manispaa ya Bukoba, kwenda Ikulu ina sura inayojulikana. Juu kulia ni anwani ya mwandishi na tarehe. Kushoto ni cheo cha anayeandikiwa. Katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, ni YAH: na jambo lenyewe. Chini kabisa ni orodha ya nakala: Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, mbunge, na pengine TAKUKURU, ili wote wajue kwamba wengine nao wanajua.

Jibu nalo likija lina sura yake. Kuna Kumb. Na., kuna mstari unaosema barua yako imepokelewa, kuna mwingine unaoanza na "nimeagizwa nikujulishe". Halafu sahihi ya mtu usiyemfahamu, na mbele ya cheo cha bosi wake herufi tatu: kny., yaani kwa niaba ya.

Hapo ndipo wengi hukunja uso. Mtu kamwandikia Rais, kajibiwa na afisa. Je, mwenyewe aliiona? Aliisoma? Au iliishia masijala, ikapigwa muhuri wa kupokelewa na kulazwa kwenye jalada? Maswali haya ni ya zamani, na mkoa wa Kagera una sehemu yake katika historia hiyo. Ila ukiifuata historia hiyo tangu mwanzo, unaanza kuona kwamba jibu la mkubwa mwenyewe, lile linalotamaniwa kuliko yote, mara nyingine ndilo linalofunga mlango.

Kikale, boma na karani

Kabla ya karatasi kulikuwa na miguu. Himaya za Wahaya, kama Kiziba, Kyamtwara, Ihangiro na Kianja, kila moja ilikuwa na mukama wake, yaani mfalme, na kikale chake, yaani makao ya mfalme. Mwenye shauri hakumvamia mukama. Neno lake lilipitia kwa wakubwa wa kijiji na wa kikale, akiwamo katikiro, waziri mkuu wa mukama, na majibu yalirudi kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wa kati hakuletwa na serikali za kisasa. Alikuwapo.

Novemba 1890 Emin Pasha, akiwa katika utumishi wa Wajerumani, aliweka kituo Bukoba kando ya ziwa. Boma likaja na karatasi, na karatasi ikamleta karani. Shule za misheni zikafundisha vijana kusoma na kuandika, na katika muda wa kizazi kimoja kalamu ikawa na nguvu ambayo mkuki haukuwa nayo tena. Hakuna aliyeonyesha jambo hili waziwazi kama Francis Xavier Lwamgira wa Kiziba. Alianza utumishi wakati wa Wajerumani, na chini ya Waingereza akawa katibu wa baraza la wakama wa Bukoba. Lwamgira, ambaye pia aliandika historia ya Kiziba kwa Kihaya, alikuwa kiungo kati ya wakama na ofisi ya mzungu. Katibu wa namna hiyo ndiye aliyejua barua ipi imefika, nani ameisoma na jibu litasemaje.

Mwaka 1924 vijana waliosoma nao wakashika kalamu. Klemens Kiiza, Suedi Kagasheki na Herbert Rugizibwa waliunda Bukoba Bahaya Union, chama kilichodai maendeleo na baadaye kikagongana na wakama, hasa kuhusu nyarubanja, ule utaratibu wa ardhi uliomfanya mkulima kuwa mpangaji wa bwana katika kibanja alichokilima mwenyewe. Silaha yao kubwa ilikuwa barua na maombi rasmi kwa serikali. Lakini malalamiko ya Mwafrika kwa Gavana yalitakiwa yapitie kwa ofisa wa wilaya. Aliyemlalamikia ofisa huyo alilazimika kumkabidhi mlalamikiwa bahasha yenyewe, naye akaongeza maoni yake kabla ya kuipeleka mbele. Hata maombi yaliyoelekezwa kwa Shirikisho la Mataifa kule Geneva, lililosimamia Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, yalipaswa kupitia kwa Mwingereza anayelalamikiwa. Nyarubanja yenyewe ilingoja hadi miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa huru, ndipo ikafutwa kwa sheria.

Hadi New York

Baada ya Vita Kuu ya Pili mlango ulifunguka kidogo. Tanganyika iliwekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na mwananchi akapata haki ya kupeleka maombi yake moja kwa moja bila kumwomba ruhusa ofisa wa wilaya. Kila baada ya miaka 3, kuanzia 1948, baraza hilo lilituma ujumbe wake nchini kusikiliza na kupokea maombi.

Kesi iliyokwenda mbali zaidi ilitoka Meru. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Maombi yaliandikwa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York, akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Tanganyika nzima ilipata habari zake. Alisikilizwa kwa heshima na maneno ya kusikitika yalitolewa, ila ardhi haikurudi wakati ule. Watu wa kawaida walijifunza kwamba kusomewa barua na kujibiwa haja ni mambo mawili mbalimbali. New York ilikuwa na masikio, lakini funguo za Engare Nanyuki zilikuwa Dar es Salaam.

Upande wa Kenya, Tom Mboya alikuwa mfano wa kinyume. Barua za vijana waliotafuta nafasi ya kusoma Marekani zilimfikia kwa wingi, kutoka kwa watu ambao hakuwahi kuwaona. Mboya hakuwa rais wala waziri wakati huo, lakini alikuwa na kitu cha kujibu. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwachukua wanafunzi 81, kwa michango iliyosakwa Marekani kwa msaada wa watu kama Jackie Robinson na Harry Belafonte. Wengi hudhani Barack Obama baba alikuwa ndani ya ndege ile. Hakuwamo, ingawa alikwenda kusoma Hawaii mwaka huohuo. Ukubwa wa Mboya haukuwa katika kuandika kila jibu kwa mkono wake. Nyuma ya jibu lake kulikuwa na tiketi.

Ikulu ya Mwalimu

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mtu wa kuandika, na mezani kwake barua hazikuisha. Lakini hata yeye hakuwa peke yake. Tangu 1960 alisaidiwa na Joan Wicken, Mwingereza aliyeshiriki pia kuanzisha Chuo cha Kivukoni. Wicken alikuwa msaidizi wake binafsi kwa zaidi ya miaka 30, akifanya kazi ya hotuba na barua huku akikwepa sana kutajwa magazetini. Aliyepata barua ya Kiingereza kutoka kwa Mwalimu katika miaka hiyo huenda alikuwa anasoma kazi ya watu wawili. Sidhani kama hilo linaipunguzia barua hiyo thamani. Lililokuwa muhimu ni kwamba mwenye sahihi alijua anachokitia sahihi.

Serikali ya wakati huo ilitambua kwamba nchi yenye mamilioni ya watu haiwezi kutegemea meza moja. Tume iliyoundwa kutazama mfumo wa chama kimoja, chini ya Rashidi Kawawa, ilizaa wazo la chombo cha kusikiliza malalamiko dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka. Mwaka 1966 ikaanza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Chifu Erasto Mang'enya. Kilikuwa chombo cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika. Makamishna walitembelea mikoa, wakafanya mikutano ya hadhara, wakapokea malalamiko kwa barua na kwa mdomo. Asiyejua kuandika hakuachwa nje.

Udhaifu wake nao unajulikana. Tume ilipeleka taarifa kwa Rais, na uamuzi ukabaki kwake. Haikuwa na nguvu ya kumlazimisha mkubwa yeyote. Hata hivyo ilifanya jambo ambalo mkubwa mmoja hawezi: iliifanya barua ya mtu asiyejulikana kuwa shauri lenye jalada, lenye mtu wa kulifuatilia. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ipo hadi leo.

Alipojibu mwenyewe

Sasa tutazame mara mbili ambapo mkubwa alijibu kwa kinywa chake.

Oktoba 22, 1966, mwaka uleule Tume ilipoanza, wanafunzi wa vyuo, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walikuwa na waraka wao, na ulisomwa mbele ya Rais. Hakuna afisa aliyewaambia warudi wiki ijayo. Mwalimu aliwajibu palepale. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Kisha akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye, lakini siku ile hapakuwa na wa kumkatia rufaa. Nani angeiandika barua ya kulalamikia jibu hilo, na angeipeleka wapi?

Ya pili ni ya Bukoba. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka, Bukoba mjini na wilayani. Michango ilikusanywa, na kukatokea aibu ya akaunti iliyofunguliwa kwa jina lililofanana na la mfuko wa maafa, jambo lililowafukuzisha kazi maofisa wa mkoa na manispaa. Waathirika walisubiri kujua kama serikali ingewajengea. Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba na kujibu hadharani: serikali haikuleta tetemeko, na haitamjengea mtu nyumba yake binafsi. Fedha zingekwenda kwenye shule, hospitali na miundombinu ya umma.

Mtu anaweza kuutetea uamuzi huo au kuupinga. Serikali isiyo na mfuko wa kutosha ina haki ya kuchagua shule ya watu 1,000 badala ya nyumba ya familia moja. Ninachokitazama hapa ni namna jibu lilivyofika. Kama lingetolewa na afisa wa maafa wa wilaya, mwenye nyumba angeandika kwa Mkuu wa Wilaya. Angekataliwa hapo, angekwenda kwa Mkuu wa Mkoa, kwa waziri, kwa mbunge, mpaka kwa Rais. Lilipotoka kinywani mwa Rais, ngazi yote ilivunjika kwa siku moja. Ni mkurugenzi gani angethubutu kusema vingine?

Kidole gumba na simu

Teknolojia imewafanya wakubwa waonekane karibu zaidi. Mei 2011 Rais Paul Kagame wa Rwanda, jirani yetu wa magharibi, alibishana mwenyewe kupitia Twitter na mwandishi wa habari wa London, Ian Birrell, aliyekuwa amemkosoa. Birrell mwenyewe alishangaa kuona rais anajibu, na waziri wa mambo ya nje, Louise Mushikiwabo, akaingia kati. Dunia ikasema enzi mpya imeanza. Kwetu nako Magufuli aliwahi kupiga simu kwenye kipindi cha asubuhi cha kituo cha Clouds mwaka 2016 kikiwa hewani, na mikutano yake ya barabarani ikajaa mabango: barua zilizoandikwa kwa kalamu nene ili zisomeke kutoka juu ya gari. Wapo waliotatuliwa shida zao za miaka mingi kwa dakika 5. Lakini aliyesimama nyuma ya umati na bango lake halikuonekana, alirudi nyumbani na bango lake.

Marekani walijaribu kuziunganisha njia hizi mbili. Katika miaka yake 8 madarakani, Barack Obama alisomewa kwanza na ofisi maalumu iliyopokea maelfu ya barua kwa siku, kisha akaletewa 10 kila jioni. Baadhi alizijibu kwa mkono wake. Zile 10 zilimsaidia kujua nchi inasema nini. Maelfu yaliyobaki yalitegemea watumishi wa ofisi hiyo, na waandishi wake hawakuwa na shida ndogo kuliko wale 10.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Lakini mwenye kesi ya kibanja au ya mafao hawezi kumngoja mtu miaka yote kwa matumaini kwamba siku moja atapita barabara ya Muleba na kusoma bango. Anahitaji ofisi ambayo ikimjibu vibaya, kuna ofisi nyingine juu yake ya kumsikiliza.

Kwa hiyo ukipata jibu lenye kny., usilikunje ukalitupa. Angalia kama lina namba ya kumbukumbu, kama lina jina la aliyetia sahihi, na kama limejibu ulichouliza. Kama halijajibu, hilo ndilo la kulalamikia, na namba ile ndiyo ya kutaja katika barua inayofuata. Jibu la afisa lina rufaa. La mkubwa mwenyewe, hata likiwa tamu kiasi gani, halina, na ndiyo maana nchi inayotaka kuwajibu watu wake ingeanza kwa kuwaimarisha makarani wa masijala zake.