Tove Jansson na mazimwi waliozaliwa vitani

Tove Jansson alipokuwa msichana aliwahi kubishana na mdogo wake Per Olov kuhusu mwanafalsafa Immanuel Kant, na hoja zikamwishia. Familia yao ilikuwa likizoni katika visiwa vya Pellinki, mashariki ya Helsinki, ambako choo kilikuwa kibanda cha mbao nje ya nyumba. Tove akaingia humo na hasira zake, akachora ukutani kiumbe mbaya kuliko wote aliowahi kuwawaza, na kando yake akaandika jina la Kant. Wengi wanaopenda vitabu vya watoto alivyoviandika baadaye kuhusu kiumbe aitwaye Mumin huhesabu historia ya vitabu hivyo kuanzia kwenye ukuta ule.

Leo kiumbe huyo amenenepa, amekuwa mweupe na laini, na pua yake kubwa imemfanya afananishwe na kiboko. Yumo vitabuni, katika filamu za katuni za Kijapani, kwenye vikombe na mabegi ya shule. Anayemwona juu ya kikombe hadhani kwamba alianza kwa hasira, wala kwamba aliingia vitabuni wakati ndege za kivita zilipokuwa juu ya mji wa mwandishi wake.

Tove alizaliwa Helsinki tarehe 9 Agosti 1914, katika jamii ya Wafini wanaozungumza Kiswidi, na vitabu vyake vyote aliandika kwa lugha hiyo. Baba yake, Viktor, alikuwa mchongaji wa sanamu. Mama yake, Signe, aliyeitwa Ham na watu wa nyumbani, alitoka Sweden na alichora stempu nyingi za posta ya Finland. Nyumba yao ilikuwa karakana pia, mtoto analala na sanamu za baba zimesimama karibu naye. Msomaji akikutana na Mama Mumin, na mkoba wake ambao haukosi kitu anachokihitaji mwenye shida, anakutana na Ham. Baba Mumin naye ana mengi ya Viktor, hasa ile furaha ya kuona dhoruba ikija kutoka baharini.

Jina la Mumin lilitoka kwa mjomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tove alisoma sanaa Stockholm, akakaa kwa mjomba wake Einar Hammarsten. Usiku alikuwa na mazoea ya kudokoa chakula stoo. Mjomba, ambaye mchana alikuwa profesa wa kemia, akamwonya kwamba nyuma ya jiko anakaa zimwi aitwaye Mumin, na kazi yake ni kuwapulizia wadokozi pumzi ya baridi shingoni. Bibi zetu wa pwani wangemwelewa vizuri mzee huyo, maana nao wametumia mazimwi miaka mingi kuwazuia watoto wasitoke nje usiku. Tofauti ni kwamba Tove hakumsahau zimwi wake alipokua. Hata nyumba ya akina Mumin, ndefu na ya mviringo, aliijenga mfano wa majiko marefu ya vigae ya nchi za kaskazini, kwa sababu mababu wa Mumin waliishi nyuma ya majiko hayo.

Kabla ya vitabu alikuwa mchora katuni. Alianza kuchorea jarida la kejeli la Garm mwaka 1929, akiwa na miaka 15. Mwaka 1938 alimchora Hitler kama mtoto anayelia akidai keki zaidi. Ilihitaji moyo kuchora hivyo katika nchi ndogo iliyozungukwa na wakubwa wenye silaha. Wakati wa vita, kiumbe mwenye pua kubwa akaanza kujitokeza katika kona za katuni zake, kama sahihi, akiwa bado mwembamba na mwenye uso wa hasira.

Umoja wa Kisovieti uliivamia Finland tarehe 30 Novemba 1939. Majira hayo ya baridi Tove aliona kazi ya kuchora picha haina maana tena. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba ndipo alipoanza kuandika kitu cha kuanzia na "hapo zamani za kale", ila bila wana wa wafalme. Mahali pao akamweka yule kiumbe wa katuni. Baadaye aliweka kazi hiyo kando. Per Olov alikwenda vitani, na rafiki mpenzi wa Tove, mpiga picha Eva Konikoff, alihamia Marekani. Mwezi Februari 1944 Helsinki ilishambuliwa kwa mabomu mara tatu. Ni baada ya hapo tu ndipo alipoumaliza mswada, na kitabu kikatoka mwaka 1945.

Kisa chake ni hiki: mama na mtoto wanapita katika msitu wa giza wakitafuta mahali pa kujenga kabla baridi haijafika. Baba amepotea. Gharika inakuja, wenye nyumba wanakuwa hawana kwao. Mwishoni wanamkuta baba juu ya mti, na nyumba aliyokuwa ameijenga imechukuliwa na maji hadi bonde moja zuri, ambalo ndilo litakalokuwa makazi yao. Watu wapatao 400,000 wa Karelia, eneo la mashariki ya Finland, walikuwa wameyahama makazi yao kwa sababu ya vita ile. Msomaji wa Finland mwaka 1945 hakuhitaji kuambiwa gharika ni nini.

Kitabu cha pili, cha 1946, kinaleta nyota yenye mkia inayokaribia dunia. Anga linakuwa jekundu, bahari inakauka hadi akina Mumin wanavuka sakafu yake kwa miguu ya miti. Hiroshima ilikuwa imepigwa mwaka mmoja tu kabla. Na Mama Mumin, katika saa hiyo ya hatari, anampambia mwanawe keki. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo siri ya Jansson: hofu haipunguzwi hata kidogo, na keki nayo haiachwi.

Watu aliowapenda wakaingia mmoja mmoja. Snufkin, mzururaji mwenye kofia kuukuu asiyetaka mali, ana sura ya Atos Wirtanen, mwanahabari na mbunge ambaye Tove alikaribia kuolewa naye. Mwaka 1948, katika kitabu cha kofia ya mchawi, wanatokea viumbe wawili wadogo, Tofslan na Vifslan, wenye lugha yao ya siri na sanduku wasilotaka lifunguliwe. Ndani yake mna kito chekundu cha yakuti. Majina hayo ni Tove na Vivica, yaani Vivica Bandler, mwongozaji wa tamthilia aliyekuwa mpenzi wake wakati ambapo sheria ya Finland ilihesabu mapenzi ya aina hiyo kuwa jinai. Sheria hiyo ilidumu hadi 1971. Katika kitabu hichohicho Mumin anajificha ndani ya kofia, anatoka amebadilika sura, na hakuna rafiki anayemtambua. Mama yake anamtazama machoni, anamjua.

Mwaka 1957 akaja Too-Ticky, mwenye akili tulivu, anayemfundisha Mumin kuishi na majira ya baridi. Huyo ni msanii Tuulikki Pietilä, aliyekuwa mwenzi wa Tove hadi mwisho. Wakati huo Tove alikuwa amechoka. Tangu 1954 alikuwa akichora Mumin kwa ajili ya gazeti la Evening News la London, na kazi ya kila siku ilimmaliza hadi akamwachia mdogo wake mwingine, Lars.

Kiumbe ninayemheshimu kuliko wote ni Groke. Akikaa mahali, ardhi huganda na majani hufa. Watoto humwogopa, na ni haki yao. Lakini katika kitabu cha 1965, kinachohusu baba na bahari, Mumin anaanza kumpelekea taa ya chemli ufukweni kila usiku, kwa kuwa mwanga ndicho kitu pekee Groke anachokitamani. Usiku mmoja mafuta yanakwisha, Mumin anakwenda mikono mitupu. Groke anacheza kwa furaha ya kumwona, na alipokaa, mchanga haukuganda.

Ham alifariki mwaka 1970. Kitabu cha mwisho cha riwaya za Mumin kilitoka mwaka huohuo: wageni wanafika bondeni kuitafuta familia, na familia haipo. Tove aliishi hadi 2001 akiandikia zaidi watu wazima.

Mzazi anayetaka kuanza kumsomea mtoto wake, aanze na kofia ya mchawi. Cha baba na bahari akiweke mpaka mtoto aweze kuuliza maswali marefu, na wakisome pamoja.