Neti Iliingia Chapchap, Ndoana Ikangoja Miaka 12

Ukienda ofisi ya serikali hapa Kenya ukaambiwa "rudi wiki ijayo", usidhani hii shida ni yetu peke yetu. Leo nawaletea stori ya wavuvi wa California, Marekani. Walikuwa na njia safi zaidi ya kuvua, wakaijaribu baharini, ikafanya kazi, na bado ikachukua miaka 12 kuruhusiwa kabisa. Kusema ukweli, hiyo miaka 12 siyo inayoniuma. Kinachoniuma ni kwamba njia mbaya haikuwahi kuulizwa maswali hayo yote ilipokuwa ikiingia.

Samaki tunayemzungumzia ni samaki upanga. Watu wa Watamu na Malindi wanamjua, jamaa ya nduaro, mwenye pua ndefu kama panga. Mchana anazama chini sana, mita 250 na zaidi. Giza likiingia anapanda juu kutafuta chakula. Shika hilo, maana stori yote iko hapo.

Zamani, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, California walimvua kwa chusa. Samaki huyu mara nyingine hupanda juu mchana kuota jua. Mvuvi anasimama mbele kabisa ya boti, anamwona kwa macho, anamchoma. Ni kazi ya mmoja mmoja. Huwezi kumchoma kasa eti ulidhani ni samaki upanga. Lakini inataka bahari tulivu na bahati, na siku nyingine unarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaja neti ya kuelea. Mwanzoni ilikuwa ya papa wa mkia mrefu, kisha watu wakaona samaki upanga nao wanaingia, na hao ndio wenye pesa. Mwaka 1980 jimbo lilishaihalalisha na kuipa leseni. Ndani ya miaka michache tu! Neti moja inaweza kufika karibu kilomita 2, inategwa usiku kucha, na haichagui. Kasa, pomboo, sili, hata nyangumi, wote walinaswa.

Kisha ikaanza kazi ya kuziba viraka. Katika miaka ya 1990 wavuvi wakaambiwa wafunge vifaa vya kupiga kelele kwenye neti ili nyangumi na pomboo wasikaribie, na waishushe mita 11 chini ya uso wa maji. Mwaka 2001 serikali ikafunga eneo kubwa la bahari kila mwaka, kuanzia Agosti 15 hadi Novemba 15, kwa ajili ya kasa noa. Huyu ndiye kasa mkubwa kuliko wote, mgongo wake ni ngozi badala ya gamba, na wale wa California huogelea kutoka fukwe za Indonesia, ng'ambo nzima ya Pasifiki, kuja kula viwavi vya baharini. Boti zikapungua. Leseni zilizokuwa zimepita 200 miaka ya 1980 zikabaki na boti kama 20 tu zinazofanya kazi.

Mwaka 2011 watafiti wa Pfleger Institute of Environmental Research pale Oceanside, wakiongozwa na Chugey Sepulveda, wakajiuliza swali rahisi: kama mchana samaki upanga yuko chini, na kasa yuko juu, kwa nini tusivue chini, mchana? Wakatengeneza mshipi wenye boya juu na uzito mkubwa chini, ndoana ikapita haraka maji ya juu na kutua huko gizani. Boti moja inaweka maboya yasiyozidi 10. Samaki akiuma, boya linabadilika, na mvuvi yuko karibu, anafika upesi. Akikuta mnyama asiyemtaka, anamwachia akiwa hai. Kwa siku unapata samaki mmoja au wawili, lakini anafika sokoni akiwa freshi na bei yake ni juu kuliko ya samaki wa neti.

Basi si waanze kuuza? Hapana. Sheria ya uvuvi ya Marekani ya 1976 ilizaa mipango ya kila aina ya samaki, na mpango wa samaki hawa, wa 2004, ulitaja vifaa vinavyokubaliwa. Neti ilikuwemo kwenye orodha. Ndoana ya kina haikuwemo, kwa sababu haikuwa imebuniwa bado. Kisichotajwa kinahitaji kibali maalum cha majaribio. Unaandika maombi, baraza la uvuvi la Pasifiki linayajadili, linapendekeza kwa serikali ya shirikisho, umma unapewa nafasi ya kutoa maoni, halafu unapewa kibali cha muda mfupi chenye masharti, pamoja na kubeba mwangalizi kwenye boti. Kikiisha, unaanza tena.

Mwaka 2015 ndipo wavuvi wachache wa kibiashara walipopata kibali cha kwanza. Zaidi ya asilimia 90 ya walichokamata kilikuwa samaki wa kuuzwa. Wengine wakaomba. Baraza likakubali mwaka 2019 kwamba kifaa hiki kiingizwe kwenye mpango. Halafu? Kungoja.

Hapa lazima niwe fair. Majaribio yana maana. Bila yale makaratasi ya waangalizi, madai ya ndoana yangebaki maneno ya watu wanaopenda kasa. Hata hapa pwani yetu, malema yenye upenyo wa kuwaachia samaki wadogo watoke yalijaribiwa kwanza na watafiti pamoja na wavuvi, na namba ndizo zilizoonyesha kwamba mapato ya mvuvi hayakuanguka. Mvuvi hawezi kula ahadi. Kwa hivyo shida yangu siyo mtihani. Shida ni kwamba mgeni anafanyiwa mtihani wakati mwenyeji anakaa tu kwa sababu alifika mapema.

Na usidhani wenye neti walikuwa majambazi. Ni watu walionunua leseni halali, wengine wakiwa na mikopo ya boti. Jimbo liliona hilo. Sheria ya California ya 2018 ilitoa dola 10,000 kwa anayerudisha leseni, na dola 100,000 kwa mvuvi aliye kazini anayekabidhi neti zake. Hapo waliocheza, walicheza vizuri.

Huko Washington mambo yakagoma. Bunge lilipitisha sheria ya kumaliza neti hizi nchi nzima, Trump akaikataa Januari 1, 2021. Hoja yake: Marekani itazidi kutegemea samaki wa kuagiza kutoka nje. Hoja hiyo si ya kucheka, maana samaki upanga wengi wanaoliwa kule wanatoka nje tayari, kwenye boti ambazo hakuna anayejua zinakamata nini kingine. Lakini inapoteza nguvu ukikumbuka kwamba wakati huohuo kulikuwa na Wamarekani wenye boti, ndoana na wateja, wamekaa bandarini wakisubiri sahihi.

Sheria ikarudi, Biden akaitia sahihi Desemba 2022, na wenye neti wakapewa miaka mitano ya kumalizia. Wenye ndoana walipata kanuni yao miezi mitano hivi baadaye, Mei 2023: vibali visivyozidi 300 kwa maji ya kusini mwa California, vikitolewa kidogo kidogo, na mbele ya foleni wakawekwa waliofanya majaribio pamoja na wale waliokubali kuacha neti.