Marufuku kuzaa, marufuku kufa

Leo nawapeleka Ugiriki ya kale. Sisi manesi tulifundishwa kwamba udaktari ulianzia huko kwa Hippocrates wa kisiwa cha Kos. Sawa, ila wagonjwa wengi walikuwa wanakimbilia kwa mungu wao wa tiba, Asklepios.

Makao yake makubwa yalikuwa Epidaurus, na yalivuma hasa karne ya 4 K.K. Mgonjwa alitoa sadaka, usiku akalala kwenye ukumbi maalumu akingoja mungu amtokee ndotoni. Habari za waliopona zilichongwa kwenye mawe, na baadhi ya mawe hayo yapo mpaka leo. Kuna mama mmoja wa Athens, Ambrosia, alikuwa chongo. Alipita pale akacheka: ati viwete na vipofu wanapona kwa ndoto tu? Alipolala, mungu akamwambia atamponya, lakini alete nguruwe wa fedha, ukumbusho wa ujinga wake! Asubuhi akaona. Jamani, mimi hilo naliona tangazo la biashara.

Kwa kawaida uuguzi ulikuwa nyumbani, kazi ya wanawake na watumwa. Xenophon ameandika juu ya mume anayemwambia mkewe kwamba kuwauguza watumwa ni jukumu lake, hata kama hatalipenda. Mke anajibu atalipenda sana, mradi waliouguzwa wawe na shukrani. Hapo nilicheka peke yangu, wenzangu wa wodini mnanielewa.

Lakini kuna jambo limenikosesha raha. Ndani ya eneo lile takatifu ilikuwa marufuku mtu kufa, na marufuku mama kujifungua, kwa sababu vyote viwili vilihesabiwa unajisi. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K., anasema wanawake walikosa pa kujifungulia na wagonjwa walikata roho nje, mahali pa wazi. Yaani mtu amesafiri siku kadhaa, amebebwa na wanawe, halafu akizidiwa anatolewa! Sisi mgonjwa akifikia hapo tunavuta pazia, tunaita ndugu zake, tunamshika mkono. Najiuliza ni nani aliyepewa kazi ya kumnyanyua, na alimwambia nini njiani.

Mwishowe seneta mmoja wa Kirumi, Antoninus, akawajengea nyumba ya kuzalia na kufia. Hapo hekalu lilikuwa limeshapokea wagonjwa kwa zaidi ya miaka 400.